Gari langu lilichorwa kwa msumari: uzoefu wangu na mafundi rangi wa Mtwara

Nina Toyota IST ya silva, ya mwaka 2004, na naipenda kuliko inavyostahili. Agosti iliyopita niliiegesha nje kwa shangazi, Shangani, kwenye harusi ya binamu yangu. Natoka saa sita usiku, viatu mkononi, nakuta mtu amepita na kitu chenye ncha kuanzia fenda ya mbele kushoto, mlango wa mbele, hadi mlango wa nyuma. Mstari mmoja, haujakatika popote. Hakutosheka, akahamia kwenye boneti akachora miduara minne mitano. Shangazi akasema husda hiyo. Binamu akasema watoto. Watoto gani wana mkono ulionyooka vile, sijui.

Kesho yake nilienda polisi nikapewa RB, yaani namba ya taarifa yangu, maana kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni jinai, lakini bila shahidi sikutegemea kitu. Bima yangu ni ile ndogo, ya kumlipa uliyemgonga, kwa hiyo huko nako hakukuwa na la kuuliza. Mwenye bima kubwa aanzie kwa watu wa bima kabla fundi hajagusa gari.

Nikaanza kwa ujinga wangu mwenyewe: dawa ya meno. Jirani aliapa inafuta mikwaruzo. Nikasugua jioni nzima. Miduara ya boneti ilififia kidogo kweli, kwa sababu dawa ya meno ina chembe za kusugulia, ila ule mstari wa mlangoni ulijaa weupe ukawa unaonekana toka ng'ambo ya barabara. Halafu nikakaa wiki mbili nikisubiri mshahara. Kwa hewa ya chumvi ya Shangani, wiki mbili ni nyingi. Pale msumari ulipofika kwenye bati palianza kuota doa la rangi ya chai.

Gereji ya kwanza ni kubwa, ina geti na mlinzi. Kijana akazunguka gari mara moja, mikono mfukoni. "Dada, hapa tunapiga upande wote na boneti. Tena bora tupige gari zima, rangi isitofautiane. Laki tisa." Nikamwuliza, hata hii miduara ambayo ukiipapasa huisikii? Akasema rangi ni rangi. Nikawasha gari nikaondoka.

Shemeji yangu, dereva wa Fuso, akanielekeza kwa mzee mmoja upande wa Chikongola, anayefanyia kazi kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba yake. Mzee hakusema bei. Aliagiza ndoo ya maji.

Akamwagia boneti. Miduara ikapotea yote, kama haikuwahi kuwepo. Tukasimama pale tukiangalia maji yakikauka na miduara ikirudi mmoja mmoja. "Umeona mwanangu? Kinachopotea kwa maji kipo kwenye klia tu, ile ya juu inayong'aa. Hicho hakipigwi rangi, kinasuguliwa." Akamwagia mlango wa mbele: mstari ukabaki palepale, mweupe. Akaniambia nipitishe ukucha. Kwenye fenda uliteleza, kwenye mlango wa nyuma nao ukateleza. Mlango wa mbele ulikwama. Kazi ya laki tisa ikawa mlango mmoja.

Alinieleza pia kwa nini hasugui ovyo. Praima (ile ya chini inayoshika bati), rangi na klia vya kiwandani, vyote pamoja, unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita na ushee. Kila ukipiga kompaundi, dawa ya kusugulia, unapunguza klia, na ikiisha hairudi. Kwa hiyo wale wa "polishi kila mwezi ing'ae" mjue mnakula nini.

Shida ya silva ni chembe za alumini zilizomo kwenye rangi. Ukiitazama kwa mbele ni nyeupe, ukisogea pembeni inakuwa ya kijivu. Mzee alisema wazi: "Nyeupe ya kawaida ningekuchanganyia hapa kwa jicho. Hii itatuaibisha." Akafungua boneti, akafuta kibati chenye maelezo ya gari (kwa magari mengine hukaa kwenye nguzo ya mlango), akanionyesha namba ya rangi. Akasema namba peke yake haitoshi, gari limepigwa jua miaka ishirini. Akafungua kile kifuniko cha nje cha tenki la mafuta, nikakituma Dar kwa basi kiwe sampuli, ndugu yangu akapeleka wanakochanganya kwa kompyuta. Wiki nzima nilitembea na shimo ubavuni mwa gari, watu wa bodaboda wakinipigia kelele kwamba nimesahau kufunga mafuta.

Rangi ilipofika, nilienda kuangalia. Kipande kile cha kutu alikisugua mpaka bati likang'aa, akaweka puti nyembamba ya kujazia, msasa wa maji, praima, msasa tena. Kupuliza alikataa kufanya mchana. Agosti kusi inavuma, na banda halina milango. Alinitaka saa kumi na mbili asubuhi, kijana wake akamwagia sakafu maji ili vumbi lilale, magari mengine yakasogezwa. Silva aliipuliza pale kwenye jeraha, kila mkono, yaani kila tabaka, ukitanuka kidogo kuliko uliotangulia, ukungu wake ukaingia kwenye fenda na mlango wa nyuma ili jicho lisipate mahali pa kukamata. Klia ndiyo akaivuta kuanzia ukingo hadi ukingo. Aliponyamazisha kompresa nilisikia kuku wa jirani.

Gharama: kazi yote 180,000, pamoja na kusugua boneti, rangi robo lita 30,000, basi kwenda na kurudi 10,000.

Sasa lawama. Aliniambia siku tatu, zikawa nane ukiacha zile za kusubiri basi. Kitasa cha mlango hakukifungua, alikizungushia teipu, na ukiinama utaona kijimstari cha klia pembeni yake; hapo naogopa itaanza kubanduka. Mpira wa kioo ulibaki na vitone vya silva nilivyovitoa mwenyewe kwa thina kidogo kwenye kitambaa. Na saa kumi jioni, jua likiwa upande wa Mikindani, mlango ule ni mweusi kidogo kuliko wenzake. Nimewaonyesha watu sita, wawili ndio walioona, mmoja ni yule shemeji ambaye nilishamwambia. Kwa laki mbili na ushee, nimeridhika. Ningerudi kwake, ila ningedai kitasa kifunguliwe.

Kama unaenda, nenda kabla ya malipo ya korosho. Ikifika Novemba pesa imeingia vijijini, kila mwenye Noah na Fuso anataka kung'aa, na foleni ya mzee inafika barabarani. Akimaliza, usioshe kwa sabuni wiki ya kwanza, na waksi iache mwezi mzima, klia ikauke hadi ndani.

Rangi haikuisha. Mzee alinimiminia iliyobaki kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, akasema niitikise kabla ya kutumia, chembe zinatulia chini. Nimeshaitumia: bodaboda ya sokoni ilinigusa bampa ya nyuma wiki jana, nikapaka kwa kijiti cha kiberiti.