Karakana moja ya Malindi: kitengo cha mbele heko, cha nyuma hasara

Nimeikalia hasira hii tangu kabla ya Maulidi, na sasa naona heri niiandike kuliko kuendelea kuipeleka barazani, ambako watu wamekwisha kuchoka kunisikiliza. Karakana ninayoizungumzia iko Malindi. Hukereza shafti za boti na bushi za tuktuk, na sifa zake zimefika hadi kwetu Lamu, kiasi kwamba kuna manahodha wanaovusha vyuma vyao Mokowe na kuvipakia kwenye basi badala ya kumtafuta fundi wa karibu. Mimi niliwapelekea magurudumu ya kichwa cha garimoshi, kila moja dogo kuliko sarafu ya shilingi kumi. Msicheke.

Ninachokijenga ni mfano mdogo wa umeme wa Garratt ya daraja la 59, zile injini za mvuke 34 zilizoundwa na Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya Reli ya Afrika Mashariki, zikapewa majina ya milima. Aliyefika Makumbusho ya Reli Nairobi ameiona namba 5918, Mount Gelai, na hahitaji kuelezwa ukubwa wake. Boila moja imebebwa katikati ya vitengo viwili vya injini, mbele na nyuma, kila kitengo kikiwa na magurudumu manane ya kuendeshea na pistoni zake, ili mashine ndefu namna ile iweze kujikunja kwenye kona za njia ya kupanda kutoka Mombasa. Nilinunua injini ndogo mbili kuukuu za mfano, zilizotengenezwa kwa Waingereza, ili nipate mota, gia na magurudumu, mengine yote nikayakata mwenyewe kwa msumeno na tupa kutoka kwenye bamba la shaba. Tabu ni kwamba injini hizo za Kiingereza hutembea juu ya reli zenye nafasi ya milimita 16.5, na reli yetu, ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ni ya mita moja. Kwa kipimo ninachokitumia, reli za tayari zinazoikaribia ni za milimita 12. Kwa hiyo kila ekseli lazima ifupishwe, na kila gurudumu lirudishwe mahali papya.

Wenzangu wa hapa huuliza mtu wa kisiwa cha punda na majahazi ana haja gani na reli. Reli tuliyoahidiwa pamoja na bandari mpya bado tunaisoma kwenye ramani, basi nimejitandikia yangu sebuleni.

Turudi kwenye kazi. Katika injini ya mvuke, pini ya gurudumu la kushoto na pini ya gurudumu la kulia kwenye ekseli moja hazikai sambamba, bali hupishana kwa nyuzi 90, ili pistoni ya upande mmoja ikifika mwisho wa mwendo wake na kukosa nguvu ya kusukuma, ya upande wa pili iwe katikati ya mwendo, na injini iweze kuondoka popote iliposimama. Kwenye mfano wa umeme hakuna mvuke wa kusukuma kitu, lakini sharti hilo linabaki na pengine ukali wake unazidi, kwa sababu mota huzungusha ekseli moja tu, na zile tatu zilizobaki huburutwa na fito za shaba zilizoshika pini. Ekseli zote nne zikipishana kwa nyuzi 89, hakuna atakayejua. Tatu zikiwa 90 na moja ikiwa 86, fito zitakwama katika kila mzunguko. Haya niliyaeleza pale karakanani kwa mdomo, nikayachora kwenye karatasi, na karatasi nikaiacha.

Mzee mwenye karakana alinielewa kabla sijamaliza sentensi. Alichukua kipande cha chuma, akakichonga mifereji miwili iliyopishana kwa pembe mraba, ili pini zote mbili zilale humo na zisiweze kucheza, kisha akaibana ekseli kwenye jiliwa na kulisukuma gurudumu ndani taratibu, huku akipima nafasi kwa kalipa kila mara. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikamtazama mpaka kitengo cha mbele kikaisha. Hakusema mengi. Alipokiweka mezani na kukisukuma kwa kidole, kiliteleza bila kujikwaa popote, nami nikamwambia kwamba kazi ya mkono wa namna ile siku hizi mtu huisikia tu. Siku ya pili aliitwa kwenye boti iliyoharibikia Kilifi, na kitengo cha nyuma akakiacha kwa kijana wake, pamoja na kile kipande cha chuma, ambacho alikifunga kwenye karatasi na kuizungushia utepe kisipotee. Malipo nilikwisha kuyatuma yote.

Boksi liliponifikia nililifungua hata chai sijanywa. Kitengo cha nyuma nilikilaza chali juu ya taulo, nikaunganisha betri. Kilikwenda nusu mzunguko, kikasita, kikaruka, kikaenda tena. Nikaisogeza taa karibu. Ekseli ya tatu ilikuwa imekaa upande kiasi kwamba jicho tupu linaona, na kila pini yake ilipofika juu, ufito ulijipinda kidogo kabla ya kuachia. Hilo peke yake ningelisamehe, kwa kuwa gurudumu huvutwa na kurudishwa. Lakini nilipozitoa fito nikaona tundu la pini hiyo limepanuliwa kwa tupa hadi likawa na umbo la yai, na vumbi la shaba bado lilikuwa limeganda kwenye grisi pembeni mwake. Yaani alijua. Alisikia kwamba kinakwama, na badala ya kuirekebisha ekseli, akalichokoa tundu ili kikwame kidogo zaidi, nisigundue. Na chini kabisa ya boksi kilikuwamo kile kipande cha chuma cha mzee, ndani ya karatasi yake, na utepe haujabanduliwa.

Nilipiga simu. Alipokea kijana mwenyewe.

“Mzee wangu, hicho si cha kuchezea mjukuu?” aliniambia baada ya kunisikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayetafuna kitu. “Kinatembea. Unataka nini tena?”

Nikamwambia kwamba kinachechemea, hakitembei.

“Injini za zamani zilikuwa zikichechemea hivyo hivyo, mzee.”

Mtu ambaye alizaliwa njia ikiwa imekwisha kuachiwa dizeli ananifundisha mimi mwendo wa injini ya mvuke! Zingekuwa zikichechemea, zingepandaje na mizigo kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,600? Nilikata simu ili nisitamke neno ambalo ningelilazimika kulitubia.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia wenzangu wote wenye kazi za vyuma vidogo kwamba wasikanyage pale. Sasa nakiangalia kitengo cha mbele, ambacho tangu kitoke Malindi kimezunguka sebule yangu jioni nyingi bila kukwama hata pale reli zinapopinda nyuma ya kabati, na naona kwamba nikiandika hivyo nitakuwa nimemdhulumu mzee ambaye sijapata kuona fundi mwenye subira kama yake. Mtu mwenye shafti ya boti iliyopinda na aende, wala asisite. Mwenye kitu cha milimita aulize kwanza kama mzee yupo, na akiambiwa amesafiri, apande basi arudi kwao na kitu chake.

Ila nikilikumbuka tundu lile narudi palepale. Karakana ni moja, pesa inaingia mfuko mmoja, na mwenye nayo ndiye aliyemwachia kijana asiyejali. Fito mpya nitazikata mwenyewe kwa bamba lililobaki, kazi ya majuma mengine, na ekseli ya tatu nitairudisha kwa kile kipande cha chuma, ambacho kwa kweli ndicho kitu chenye thamani kuliko vyote vilivyomo kwenye boksi lile. Mzee nimempelekea ujumbe pamoja na picha ya tundu. Amejibu kwa neno moja, “Niletee.” Sipeleki kitu mpaka anirudishie malipo ya kitengo cha nyuma, na asipoyatuma kwa simu kabla ya mwezi kuandama, nitayafuata Malindi mwenyewe, na nauli nitaijumlisha humo humo.