Takwimu za Argo: huduma inayomfaa mtafiti asiye na meli

Kwa mtafiti wa bahari asiye na meli wala fedha za kuikodi, sijaona huduma inayoizidi hii ya Argo, mpango ambao takriban nchi 30 huchangia maboya yapatayo 4,000 yanayoelea katika bahari kuu zote. Kila boya hukaa kwenye kina cha mita 1,000 likichukuliwa na mkondo, na kila baada ya siku 10 hivi huzama hadi mita 2,000, kisha hupanda likipima joto na chumvi ya maji, na likifika juu hutuma vipimo kwa setilaiti. Takwimu hutolewa bure, kwa kawaida ndani ya saa 24, kupitia vituo vya Brest, Ufaransa, na Monterey, Marekani. Mwanafunzi wa Zanzibar hupata kilekile anachopata profesa wa Tokyo, na kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote. Anayehitaji usahihi zaidi, hasa wa chumvi, asubiri toleo lililohakikiwa na wataalamu, ambalo huchukua takriban mwaka mmoja. Upungufu upo: maji ya kina kifupi ya pwani, yenye matumbawe yanayotulisha, hayafikiwi, na faili za NetCDF, muundo wa kompyuta wa kuhifadhia takwimu za kisayansi, humsumbua asiyejua kuandika programu.