Misimu miwili na skii za miteremko mikali: uzoefu wangu, na swali la mjomba

Wiki iliyopita nilipanda Newala kumjulia hali mjomba. Binti yake, binamu yangu, amepata nafasi ya kusoma Trondheim, Norway, mji ule ule niliokaa mimi miaka miwili, na ameshaniomba skii, zile mbao ndefu za kuteleza kwenye theluji, nilizoziacha kule. Nimemkubalia. Ila kuna mambo ambayo mtu aliyekulia Mtwara, kwenye joto na chumvi ya bahari, hawezi kuyajua kwa kuangalia video tu. Kwa hiyo naandika hapa, kwa ajili yake na kwa yeyote wa kwetu anayekwenda nchi za theluji na anajiuliza kama vifaa hivi vina thamani ya pesa yake.

Skii zenyewe nilinunua za mtumba, kroni 1,800 pamoja na vifungo vya kubana kiatu. Urefu sentimita 165, mimi nina 174. Pale katikati, chini ya kiatu, upana wake ni milimita 70, na mbele na nyuma zinatanuka. Umbo hilo la kiuno chembamba ndilo linalokata kona: ukiilaza skii ubavuni na kuiegemea, inajipinda yenyewe na kuchora nusu duara, zangu kwa nusu kipenyo cha kama mita 15. Kila upande una utepe wa chuma, yaani makali. Hizi ni skii za miteremko iliyochongwa na mashine. Nazipa nyota nne kati ya tano, na nyota ya tano nitaieleza ilikopotelea.

Buti nilinunua jipya na sijutii. Skii ya mtu mwingine inakubali mguu wako, buti la mtu mwingine halikubali.

Sasa nirudi Newala. Mjomba ameendesha greda zaidi ya miaka ishirini kwenye barabara za udongo za uwanda wa Makonde, zile ambazo masika zinakuwa sabuni na kiangazi zinakuwa unga. Tulikuwa tumekaa nje, magunia ya korosho nyuma yetu, nikamwonyesha video niliyoirekodi usiku mmoja Oppdal, mji wa Norway wenye mlima wa kuteleza: mashine yenye minyororo mipana kama ya buldoza inapanda mlima, taa zote zimewaka, imeshikiliwa na kamba ya chuma iliyofungwa juu kabisa ili isiporomoke. Akanyanyua mkono nisimamishe.

"Kisu kiko mbele, nimekiona. Huko nyuma kuna nini, mjomba?"

Nikamweleza. Nyuma kuna pipa refu lenye meno linalozunguka kwa kasi na kusaga theluji iliyoganda mabonge. Baada ya pipa kuna mkeka wa mpira wenye vijino unaochana uso wote, ukabaki mistari myembamba iliyolala sambamba. Ukiikuta asubuhi kabla hajapita mtu, mlima mzima unafanana na suruali ya kodrai iliyotoka kupigwa pasi.

Mjomba akaitazama video mara ya pili, kisha akauliza, "Wanachonga saa ngapi?"

Nilinyamaza kidogo, kwa sababu swali hilo ndilo lililonichukua msimu mzima kulifikia. Mwalimu wangu wa kwanza alinifundisha magoti, mabega na mahali pa kutazama. Mtu aliyechonga barabara maisha yake yote aliuliza kuhusu saa. Akaongeza kwamba yeye hachongi udongo ukiwa mkavu, kisu kinakwangua vumbi tu na upepo unalichukua. Anasubiri mvua ipite, udongo ushike unyevu, achonge, ashindilie, halafu maroli ya korosho yangoje. Yakipita kabla udongo haujashika, kazi yote imekwenda na maji.

Theluji ni vivyo hivyo. Mlima ukifungwa jioni ndipo mashine zinaanza. Pipa likishasaga, chembe za theluji zinagusana upya, na kwa saa kadhaa za baridi zinaungana zenyewe kwa zenyewe hadi uso unakuwa mgumu lakini bado unashika. Ukichongwa jioni na usiku ukawa wa baridi tulivu, asubuhi una kitu bora kuliko vyote. Ukichongwa ukiwa umelowa na baridi kali ikapiga ghafla, unaamkia kokoto: vipande vigumu kama ngumi vimetapakaa, na skii inavigonga mpaka meno yanagongana. Mashine ni ile ile, dereva ni yule yule, mlima ni ule ule.

Ndiyo maana siku hizi ukali wa mteremko naupa nafasi ya pili. Norway miteremko inapangwa kwa rangi, kijani ndiyo rahisi, kisha bluu, nyekundu, na nyeusi ndiyo kali. Ujerumani na Austria wana kipimo kinachoeleweka vizuri: bluu isizidi asilimia 25, nyekundu isizidi 40, zaidi ya hapo ni nyeusi. Asilimia 40 maana yake ukisogea mbele mita kumi umeshuka mita nne. Simama pale Shimo la Mungu, utazame bonde la Ruvuma chini, utapata picha ya jinsi tumbo linavyohisi ukiwa juu ya nyeusi kwa mara ya kwanza. Lakini rangi ile imepakwa kwenye kibao, haibadiliki. Theluji inabadilika kutwa mara tatu. Nyeusi ya saa tatu asubuhi, iliyochongwa vizuri, kwangu imekuwa rahisi kuliko nyekundu ya saa tisa alasiri.

Hilo nimelilipia. Msimu wa kwanza, kabla sijanunua zangu, nilikodi skii kwenye duka moja ambalo sitalitaja, katika mlima ambao pia nitauacha. Ilikuwa Februari. Siku mbili zilizotangulia joto lilipanda mpaka theluji ikayeyuka juu, usiku ule ikaganda. Sikuuliza chochote. Nikapanda lifti ya viti, nikashuka kwenye mteremko mweusi, na kwenye kona ya pili skii ya upande wa bondeni ikakataa kushika. Nikaenda kwa ubavu, halafu kwa mgongo, umbali wa kama uwanja wa mpira, mikono inatafuta kitu cha kukamata na hakuna. Kilichonisimamisha ni rundo la theluji pembeni mwa njia. Kifundo cha mkono kilivimba wiki mbili. Kofia ngumu ilipasuka nyuma, na bila kofia ile nisingekuwa naandika haya.

Rafiki yangu Mnorwe alizichukua zile skii, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwa upole juu ya makali. Makali yakinolewa vizuri yanakwangua unga mweupe kidogo wa ukucha. Haya hayakukwangua kitu. Yalikuwa mviringo kama mgongo wa kijiko. Duka lilikuwa limenikodisha, kwa bei kamili, kitu kisichoweza kushika barafu, na hakuna aliyeniambia kwamba usiku ule mlima ulikuwa umegeuka barafu. Bado naumia nikikumbuka, maana mimi nilikuwa mgeni na wao walijua.

Kwa hiyo binamu yangu, kabla ya kulipa popote, pitisha ukucha.

Za kwangu nilizinoa mwenyewe kila baada ya siku tatu au nne za kuteleza, kwa tupa ndogo iliyowekwa kwenye kibano kinachoshikilia pembe ya nyuzi 88. Ni kazi ya dakika ishirini. Na hapo ndipo zilipostahili nyota zake. Kwenye uso mgumu, zikiwa zimenolewa, zinashika kwa namna inayokupa utulivu hata ukiwa kwenye genge. Unasikia kwa sikio kabla hujaona kwa jicho. Theluji nzuri inatoa mvumo laini. Barafu inatoa ule mkwaruzo unaousikia unapokuna nazi, nyama ikaisha na mbuzi ikagusa kifuu. Ukiusikia, usikanyage kwa nguvu wala usivunje mwendo hapo hapo; tulia, acha skii ipite, piga kona mahali sauti imebadilika. Ushauri huo peke yake umeniokoa mara nyingi kuliko mafunzo yote ya mabega.

Kuna jambo la theluji ya kutengenezwa ambalo watu wengi hawalijui. Mapema msimu, na kwenye njia zenye watu wengi, sehemu kubwa ya theluji haikutoka mawinguni; imepulizwa na mizinga inayorusha matone madogo ya maji kwenye hewa yenye baridi chini ya sifuri. Chembe zake ni vijiduara, hazina yale matawi ya theluji ya asili, kwa hiyo zinajipanga kwa kubanana na uzito wake ni mara kadhaa ya theluji mpya. Inadumu sana. Lakini ikipitiwa na skii mia tano inang'aa kama sakafu ya saruji iliyopigwa msasa. Ukiona njia nyeusi inang'aa katikati mwezi wa Desemba, pita pembeni. Kila anayeteleza anaisukuma theluji laini kutoka katikati kwenda kandoni, kama magari yanavyosukuma changarawe, na alasiri theluji yote nzuri inakuwa imelala kwenye kingo.

Baridi ikizidi nako kuna shida yake. Siku moja Oppdal kulikuwa kasoro 19, yaani nyuzi 19 chini ya sifuri. Theluji ililia chini ya buti, na skii ikawa nzito kama inapita kwenye mchanga wa ufuko wa Shangani. Skii huteleza vizuri pale msuguano unapoacha utando mwembamba sana wa majimaji chini yake. Baridi ikiwa kali, utando hautoshi. Nta inayopakwa chini ya skii hubadilishwa kwa sababu hiyo, ngumu kwa baridi kali, laini kwa siku za joto. Mimi nilipenda kati ya kasoro tano na kumi, hakuna mawingu, mistari ya kodrai bado haijavunjwa. Nilikuwa naamka gizani kuwahi treni ya asubuhi kutoka Trondheim, kiasi cha saa moja na nusu, ili niwe kwenye lifti za mwanzo. Kona za kwanza upande wa Hovden, pale pale Oppdal, skii inachora mistari miwili myembamba juu ya ile mistari mingine na huachi unga wowote nyuma yako, ni furaha ambayo nimeshindwa kumsimulia mtu yeyote hapa nyumbani ikaeleweka.

Mawingu yakishuka, mambo mengine. Mwanga unakuwa mweupe juu na mweupe chini, kivuli hakuna, tuta hulioni mpaka limekupiga magoti. Siku hiyo shuka njia zinazopita kwenye miti.

Nyota ya tano ilipotelea mwezi wa Aprili. Masika yao yakianza, usiku kunaganda na mchana kunayeyuka. Saa tatu mlima ni barafu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuwahi. Kuanzia saa tano hivi uso unalegea, unakuwa chembe kubwa kubwa kama chumvi ya mawe ya mashamba ya Lindi, na kwa saa moja au mbili unateleza kwa raha. Baada ya hapo ni chicha iliyolowa. Skii zangu, kwa wembamba wake, zilikuwa zinazama na kukwama, na watu walikuwa wameshajenga matuta kila mahali. Magoti yanachoka upesi, na kwenye uchovu ndipo watu wanavunjika. Mwenye skii pana kidogo, milimita 80 na zaidi, alipita juu ya chicha ile nikimtazama. Kwenye theluji nene isiyochongwa zangu hazifai kabisa.

Ningezinunua tena? Ndiyo, kwa mtu anayetaka miteremko mikali iliyochongwa na yuko tayari kuamka mapema. Anayependa kulala mpaka saa nne atafute pana zaidi.

Mjomba aliuliza jambo moja tu zaidi, kama binti yake atalazimika kushuka huko. Nikamwambia hakuna wa kumlazimisha, aanze kijani, na anayeshuka mbele yako ndiye mwenye njia, wewe wa nyuma ndiye wa kumkwepa. Akatikisa kichwa kukubali. "Basi amwulize dereva wa ile mashine," akasema.

Binamu, skii ziko stoo ya chini katika nyumba ya wanafunzi, zimefungwa pamoja kwa mkanda mwekundu. Nimezipaka nta nene mpaka juu ya makali na sikuikwangua, ili yasipate kutu. Ikwangue yote kwanza, ndipo upitishe ukucha. Na vifungo vimewekwa kwa uzito wangu mimi; vipeleke kwa fundi avirekebishe kwa uzito wako kabla hujakanyaga theluji.