TAHADHARI: Betri za laptopu zilizochakachuliwa zinauzwa kama mpya Arusha na Moshi

Ndugu zangu wa Arusha na Moshi, na hasa ninyi wanafunzi wa Uhasibu pale Njiro na wa Ushirika kule Moshi ambao laptopu ndiyo daftari lenu: mtu akikwambia "betri imekufa, lete hela nikuwekee orijino" hata mita ya kupimia umeme hajashika, chukua mashine yako uondoke.

Mchezo wenyewe unakwenda hivi. Laptopu inaletwa haiingizi chaji. Kishoka anaichomeka, anaangalia taa, anatoa hukumu. Unauziwa betri iliyofungwa kwenye nailoni, stika inang'aa. Kisha unaombwa uiache ile ya zamani, eti haina kazi tena. Kama ilikuwa nzima, inafutwa vumbi na kubandikwa stika, na kesho anauziwa mwenzako. Kama ilikuwa imechoka kweli, ganda lake linapasuliwa, zinaungwa seli (vijibetri vya ndani) za mtumba, halafu chipu ya ndani inafutwa kumbukumbu kwa programu: mizunguko ya chaji inarudi 0, na ujazo unaandikwa kama wa kiwandani. Windows ikisoma chipu hiyo inaamini ni betri mpya, kwa sababu yenyewe haizioni seli, inasoma kilichoandikwa tu.

Kwa hiyo la kwanza kabisa: betri yako ya zamani usiiache. Na kabla hujakabidhi laptopu kwa fundi yeyote, piga picha stika ya betri na uhifadhi ripoti yake. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Faili la battery-report.html litahifadhiwa kwenye folda itakayotajwa hapo hapo. Lifungue, utaona jina la mtengenezaji, namba ya serial, "Design capacity" yaani ujazo wa kiwandani, na "Full charge capacity" yaani ujazo uliobaki. Ukirudishiwa mashine na serial imebadilika wakati hukununua betri, unajua kilichofanyika.

Onyesho linalowaponza wengi ni la mita. Betri inachomolewa, ncha za mita zinawekwa kwenye meno yake mbele yako, kioo kinasoma 0. "Unaona? Imekufa." Hapo wengi hutoa hela. Lakini betri nyingi za laptopu zikiwa nje ya mashine husoma 0 au volti kidogo hata zikiwa nzima, kwa sababu bodi yake ya ulinzi haifungulii umeme mpaka laptopu igundulike kupitia pini maalumu. Ni usalama tu, ili betri iliyo mfukoni isipigwe shoti na funguo. Kipimo hicho peke yake hakithibitishi chochote, na fundi anayejua kazi hawezi kukuuzia betri kwa ushahidi huo.

Sasa jipime mwenyewe, na anza na adapta, maana umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo adapta ndiyo iko mstari wa mbele. Weka mita kwenye DC, kipimo cha 200V. Ukiweka 20V, adapta ya Lenovo yenye volti 20 inaweza kukuonyesha 1 peke yake ukadhani imeharibika, kumbe mita ndiyo imefika ukingoni. Kwenye plagi ya duara, ncha nyekundu iguse ukuta wa ndani, nyeusi iguse wa nje. Dell na HP nyingi hutoa volti 19.5, Acer nyingi 19. Ile pini nyembamba ya katikati kwenye plagi za Dell na HP usiiunganishe na ukuta wa ndani kwa ncha ya mita, unaweza kuua chipu ya utambulisho.

Na pini hiyo ndiyo chanzo cha "betri mbovu" nyingi. Kupitia kwayo Dell huuliza adapta ni ya wati ngapi. Ikipinda, au waya wake mwembamba ukikatika pale shingoni mwa plagi, au adapta ikiwa kopi isiyo na chipu, laptopu itawaka vizuri lakini itakataa kuchaji, na mara nyingi itakuwa nzito kwa sababu inajibana isile umeme mwingi. Zima, washa huku ukibonyeza F2, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, kabla Windows haijawaka), tafuta sehemu ya betri au ya adapta. Ikiandika 65W au 90W, adapta imetambuliwa. Ikiandika "Unknown" au "None", usinunue betri. Azima adapta ya mtu yenye plagi na volti zile zile, na wati zisizopungua za kwako, ujaribu kwanza.

Kwa laptopu za USB-C mita haitakusaidia: adapta hizo hazitoi volti 20 mpaka ziwasiliane na mashine, kwa hiyo ukipima utapata 5 au 0. Hapo badilisha waya kwanza, kisha adapta. Chaja ya simu ya volti 5 haitoshi kwa laptopu nyingi, hata kama taa inawaka.

Halafu kuna betri zinazoshitakiwa bila kosa lolote. Lenovo wana hali ya kutunza betri inayosimamisha chaji karibu asilimia 60 au 80. ASUS nao wana ya 60 na ya 80, na HP na Dell wana mipangilio ya namna hiyo ndani ya BIOS. Laptopu ya mtumba inaweza kuja ikiwa imewashiwa hiyo. Ukiona maandishi "Plugged in, not charging" na namba imekwama hapo hapo kila siku, zima mpangilio huo. Hakuna kingine cha kulipia.

Ukimaliza hayo, ondoa adapta, ondoa betri kama inatoka kwa nje, kandamiza kitufe cha kuwashia sekunde 30, rudisha, washa. Ikigoma, ingia Device Manager, kwenye Batteries futa "Microsoft ACPI-Compliant Control Method Battery", kisha washa upya. Windows itairudisha yenyewe. Betri iliyokaa kabatini miezi mingi iache kwenye adapta nusu saa kabla ya kuikatia tamaa, kwa kuwa seli zilizoshuka sana huchajiwa polepole kwanza.

Wapo wanaojitolea "kuistua" betri kama hiyo kwa kuichoma na umeme moja kwa moja. Kataa. Seli ya lithiamu ikishuka hadi chini ya volti 2, shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka, na ukiichaji kwa nguvu shaba ile hujijenga upya mahali pasipotakiwa na kupiga shoti ndani kwa ndani. Inaweza kukubali leo na kuwaka moto wiki ijayo ukiwa umelala.

Na hii ya "baridi ya Arusha inaua betri" isikununulishe kitu. Seli hizi hazitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0, na hapa mjini hata Julai hatufiki huko. Waongoza watalii mnaopanda na laptopu hadi Kibo, hapo ni kweli: ipasheni joto ndani ya begi la kulalia kwanza, ndipo muichaji.

Ikithibitika betri imechoka, sasa ndiyo unaingia dukani, na hapo soma stika kwa hesabu. Volti mara ampea-saa (mAh gawa kwa 1000) ni lazima zitoe Wh zilizoandikwa, yaani wati-saa, umeme ambao betri inabeba. 10.8V na 4400mAh ni 10.8 × 4.4, yaani 47.5Wh, stika ya kweli itaandika 47 au 48. Ukikuta 10.8V, 8800mAh na bado 48Wh, mtu amechapa namba bila kujua zinahusiana. Na betri ya seli sita za duara za 18650 haiwezi kufika 8800mAh hata kidogo: zimepangwa mbili mbili, seli bora kabisa ina kama 3500mAh, kwa hiyo ukomo ni karibu 7000.

Iweke kwenye mizani ya jikoni. Seli moja ya 18650 ina karibu gramu 45, sita ni 270, ukiongeza ganda na bodi unapita 300. Ikisoma 200, ndani kuna upungufu. Tazama kiungo cha ganda pia: alama za bisibisi au gundi iliyofura maana yake limeshapasuliwa. Kwa ThinkPad za kuanzia X230 na T430 kuna hatari ya ziada, mashine hukagua betri na inaweza kukataa kuchaji isiyoidhinishwa na Lenovo. Ijaribu kwenye mashine yako mwenyewe, siyo ya muuzaji.

Chaji hadi 100, chomoa adapta, cheza video saa nzima ukiwa hapo hapo dukani. Betri ya 48Wh kwenye laptopu inayokula wati 12 inashuka kama asilimia 25 kwa saa. Iliyochakachuliwa hujitaja: inashuka taratibu, halafu ghafla 7, halafu giza. Chipu inahesabu ujazo wa kuandikwa, seli zimeishiwa. Saa moja ya kukaa dukani inachosha, najua, lakini muuzaji anayekukatalia saa hiyo amekujibu tayari.

Hela toa baada ya jaribio. Winga anayekuahidi mzigo kutoka Dar kwa basi na kutaka nusu kwenye simu kwanza, mwache. Dai risiti ya EFD, na namba ya serial ya betri iandikwe pamoja na siku za warantii.

Kama umeshapigwa: hifadhi betri, stika, risiti, meseji za malipo na ripoti ya betri ya siku ya kwanza na ya wiki ya pili. Rudi dukani na shahidi. Ukikataliwa, bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na betri yako nzima iliyobadilishwa kwa siri ni wizi, hiyo peleka polisi. Na kama betri imeanza kuvimba, padi ya kipanya inainuka au kifuniko hakifungi sawasawa, zima mashine na usiichaji tena. Usiitoboe wala kuikandamiza irudi. Betri hiyo, kama inatoka kwa nje, iweke ndani ya ndoo yenye mchanga mkavu nje ya nyumba, mbali na watoto, mpaka fundi wa kweli aje kuipokea.