Cheni bloki za tani 1 kwa kutoa mkuku wa Catalina 22

Kwa mwenye Catalina 22, mashua ya matanga, yenye mkuku wa kukunja (pezi zito la chini linalopandishwa na kushushwa), cheni bloki za tani 1, yaani vinyanyuzi vya mnyororo wa kuvuta kwa mkono, zinafaa kununuliwa ili kuutoa mkuku huo, mradi ziwe mbili, moja mbele na moja nyuma. Mashua hii ni kama kilo 1,000 ikiwa tupu, na kilo 250 hivi ni chuma cha mkuku peke yake. Ukiacha injini, nanga na betri ndani, bloki moja imezidiwa. Shusha vyote, na mlingoti ulazwe.

Uzuri wake ni breki. Ukiachia mnyororo wa mkono, mzigo hubaki pale pale, na unaweza kupandisha au kushusha kidogo kidogo upendavyo. Ila breki hiyo hushika kwa sahani kavu: paka oili mnyororo wa mzigo tu. Ikiingia ndani ya kasha, bloki itateleza. Ijaribu kwanza. Nyanyua mzigo, chora chaki kwenye mnyororo pale unapoingia, subiri nusu saa, kisha angalia kama alama imesogea. Kagua kulabu pia. Iliyopanuka mdomo haifai tena. Boriti ya kutundikia iwe ya chuma, si kenchi za paa.

Mikanda hununuliwa kando. Chukua ya poliesta yenye upana wa sentimita 7 au zaidi, mmoja upite mbele ya mkuku na mwingine nyuma yake. Iunganishe kwa kamba ubavuni pande zote mbili, kwa sababu mashua hupungua upana kuelekea omo na mkanda wa mbele hupenda kuchomoka huko.

Panga mbao nene chini ya mkuku, legeza waya unaoupandisha mpaka mkuku ulale juu ya mbao, ndipo ufungue bolti za vishikio vya pini, yaani ekseli ambayo mkuku huzungukia. Sasa pandisha mashua, tezi na omo kwa pamoja. Mkuku ukinasa na kuanza kufuata mashua juu, simama, shusha, usawazishe. Usiendelee kuvuta, maana ukinasuka utaanguka kwa kishindo. Mtu asiingize hata mkono chini kabla ya kuweka magogo ya kukinga.

Tundu la pini ndilo la kutazama. Likiwa limechongeka umbo la yai, ndiyo sababu ya ule mgongano unaosikika usiku mashua ikiwa nangani. Pini mpya peke yake haitaponya kitu: tundu lipanuliwe liwe duara tena, litiwe bushi (mrija mfupi) ya bronzi kwa gundi ya epoksi, na wosha za pembeni zijaze nafasi iliyobaki.