Skrini ya picha za mitandaoni harusini: elfu 45 zangu zilienda wapi?

Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya mdogo wangu, huku Dunga, Kisumu. Shilingi 45,000 zilitengewa vijana wa skrini. Siwataji, maana bado tunadaiana.

Walituahidi skrini ya LED ya mita 3 kwa 2. Wageni wapige picha, waziweke mtandaoni na alama ya reli (hashtag) ya harusi, na papo hapo zionekane mbele ya hema.

Kufika saa kumi jioni, picha sita. Wageni mia mbili na zaidi, simu zimeinuliwa kila upande, picha sita! Nikamwendea kijana wa laptopu. "Anti, kwani wanaziweka wapi?" Nikachungulia simu ya binamu yangu: stetasi ya WhatsApp. Ya shemeji: stetasi. Na programu yao huko haifiki. Inaokota za Instagram zilizo wazi kwa umma. Akaunti iliyofungwa haionekani hata uandike alama mara kumi. X (zamani Twitter) nayo ilianza kutoza programu za nje mwaka 2023, na kifurushi chetu hakikuwa na hiyo. Haya yote niliambiwa keki ikikatwa, wakati deposti nilishatoa mwezi mzima kabla.

Kijana alijiokoa kwa kubandika msimbo wa QR kwenye kila meza: unaskani, unatuma picha, huhitaji akaunti yoyote. Dakika kumi hazikuisha, skrini ikafurika. Dani wetu, yaani nyanya, akajiona juu, mkubwa kama lori, akichambua samaki, ngege. Akaniuliza ni nani aliyeruhusu aonyeshwe akitafuna, kisha akasogeza kiti mbele. Alisogea mno, masikini: paneli zao ni P4, yaani nukta hadi nukta ni milimita 4, na ukikaa mita mbili nyuso zinageuka vitone. Kuanzia mita nne hivi picha inatulia.

Tatizo lililoniudhi zaidi ni jua. Waliielekeza skrini ziwani, magharibi kabisa, kwa hivyo kuanzia saa kumi na nusu hadi jua lilipozama tulikuwa tunatazama ubao mweupe. Mtu wa Kisumu afanye hivyo kweli? Giza lilipoingia, wadudu wa ziwa wakavamia mwanga. Gauni la bibi harusi likawa na madoa yanayotembea, na emsii akasema bwana arusi ameoa chui. Kijana akashusha mwanga na kuweka mandhari nyeusi badala ya nyeupe, walipungua, hawakuisha.

Lakini haki yao niwape. Kila picha ilipita mkononi mwa kijana wa laptopu kabla ya kupanda, na kuna mjanja aliyetumia alama yetu kutangaza viwanja, akazuiwa mlangoni. Stima ilipopotea, jenereta yao ilishika kabla emsii hajamaliza sentensi.

Ukiwakodi watu wa namna hii, dai QR tangu mwanzo, na uwaonyeshe jua linakotua kabla hawajafunga paneli ya kwanza.

Picha zote tuliahidiwa kwenye flashi Jumatatu iliyofuata. Hii ni wiki ya pili. Shilingi 10,000 za mwisho bado ziko kwangu, na simu yangu haijazimwa.