Huduma ya Kusimamia Taswira ya Msanii Chipukizi: Tathmini Baada ya Miezi 18

Mpwa wangu alikuwa na miaka 15 uimbaji wake ulipoanza kuvuma, na kwa kuwa wazazi wake walikuwa wageni wa mambo ya mikataba, mimi mjomba wake ndiye niliyekaa nao kuchagua kampuni ya kusimamia taswira yake. Kampuni hiyo sitaitaja, kwa sababu ninachokitathmini hapa ni huduma yenyewe: mtoto kukabidhiwa kwa watu wanaolipwa ili aonekane vile soko linavyotaka.

Kwa upande wa ufundi sina la kulalamika. Wapigapicha walikuwa wanaijua kazi yao, ratiba ya wiki ilitufikia kila Jumapili jioni, na matusi yaliyoandikwa kwenye kurasa zake yalifutwa kabla hajayaona, jambo ambalo peke yake lilitupa usingizi. Hawakumtafutia kiki za kugombana na wenzake pia, na kwa hilo nawashukuru.

Tatizo ni kile walichokiita mwongozo wa mwenendo. Kijitabu hicho kilieleza avae nini hata anapotoka kwenda dukani, apige picha na rafiki yupi, aseme ana umri gani (walimpunguzia mwaka mmoja), na kwamba asikiri hadharani kuwa anaumwa au ana mtu anayempenda. Nyuma yake kulikuwa na majibu ya maswali yanayoulizwa sana, ambayo alitakiwa kuyahifadhi kichwani. Jioni moja mama yake alimuuliza, kama mzazi yeyote, kwa nini siku hizi hali chakula vizuri, naye akajibu kwa sauti laini: "Ninashukuru kwa kila hatua, na mashabiki wangu ndio nguvu yangu." Tulicheka, hadi tulipogundua kwamba mwenzetu hakuwa anatania.

Nywila za kurasa zake zote zilikuwa mikononi mwa kampuni. Bibi yake alipofariki, aliandika maneno machache ya kumlilia na kuyapeleka yaidhinishwe, kama mkataba ulivyotaka. Yalitoka siku ya tatu yakiwa yameandikwa upya, yamepambwa kwa picha ambayo hakuichagua, na chini yake likafuata tangazo la wimbo mpya. Aliniletea simu nisome, kisha akaniuliza: "Mjomba, huyu aliyeandika, alimjua bibi?"

Nilipoanza kusoma habari za huduma hizi, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kuweka saini, niliona kwamba mwongozo wetu ulikuwa na ukoo mrefu. Judy Garland, mwigizaji na mwimbaji wa Marekani, alisajiliwa na studio ya filamu ya MGM mwaka 1935 akiwa na miaka 13, na studio ikawa inaamua hata kiasi cha chakula atakachokula ili asinenepe, huku akipewa vidonge vya kumwezesha kuendelea na kazi. Nchini Japani, mwaka 2013, Minami Minegishi wa AKB48, kundi la wasichana waimbaji, alijitokeza kwenye video akiwa amenyoa nywele zake, akilia na kuomba radhi, kwa sababu jarida lilikuwa limeandika kwamba alilala nyumbani kwa kijana mmoja. Alikuwa na miaka 20. Mtu mzima aliwaomba radhi watu asiowajua kwa jambo ambalo halikuwahusu, na sioni tofauti kubwa kati ya video ile na kijitabu chetu.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, kwa sababu zetu zililipwa kwa wakati. Hata hivyo, mzazi aulize zinawekwa wapi: Jackie Coogan, Mmarekani aliyekuwa nyota wa filamu tangu utotoni, alipokua alikuta sehemu kubwa ya mamilioni yake imetumiwa na mama yake na baba yake wa kambo, na kesi yake ndiyo iliyozaa sheria ya California ya mwaka 1939, ambayo leo inataka asilimia 15 ya mapato ya mtoto itengwe kwa ajili yake.

Kilichotuponza sisi ni muda. Mkataba ulikuwa wa miaka kumi, wakati Korea Kusini, ambako biashara hii imekomaa kuliko kwingi, mkataba wa mfano uliotolewa na tume ya ushindani mwaka 2009 uliweka ukomo wa miaka saba. Mwaka huohuo wanachama watatu wa TVXQ, kundi la waimbaji la hukohuko Korea, walikwenda mahakamani kupinga mkataba wa miaka 13. Sisi tulitoka baada ya miezi 18 kwa msaada wa mwanasheria, ambaye alituonyesha kifungu tulichokipita haraka siku ya saini: jina la kisanii ni mali ya kampuni.

Kwa kipimo cha nyota tano, naipa huduma hii mbili, zote za wapigapicha na waliofuta matusi. Mpwa wangu sasa anaimba kwa jina alilopewa na wazazi wake, na wanaomfuata bado ni wachache. Ule ukurasa wa zamani haujafungwa. Kila asubuhi bado unawasalimu mashabiki na kuwaambia kwamba amewakumbuka.